Mhusika wa mchezo mtandaoni: Nani anamvisha, nani anafaidi?

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

NI saa moja kasoro jioni katika mtaa wa Musaga, kusini mwa jiji la Bujumbura, kando ya barabara inayopanda kuelekea Ijenda na Matana. Mama mmoja anayeuza nywele za kusuka ameketi sebuleni, daftari la hesabu likiwa magotini. Keshokutwa alfajiri anatakiwa kuwa safarini kwenda Makamba, avuke mpaka wa Mugina, aingie Manyovu upande wa Tanzania na kufika Kigoma kuchukua mzigo mpya. Hesabu inakataa. Kwenye Lumicash zimetoka faranga 40,000 ambazo hazina maelezo.

Maelezo anayo mwanawe wa miaka 19, aliyeketi kwenye kizingiti cha mlango, ameinamia simu. Fedha hizo zimenunua nguo. Shida ni kwamba nguo yenyewe haiwezi kufuliwa wala kuanikwa kwenye kamba. Ni vazi la mhusika wake katika mchezo wa mtandaoni. Kwa kuwa hana kadi ya benki, alimtumia fedha rafiki yake, na rafiki akamwomba ndugu yake aliye ng'ambo amlipie.

Mwandishi wa makala haya alikuwa amefika hapo kwa habari nyingine kabisa, ya bei za nywele mpakani. Wenyeji waliruhusu kisa kiandikwe bila majina yao. Mama hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Nguo isiyofunika mwili, inafunika nini?"

Kijana hakuwa na jibu. Swali lenyewe ni la haki, na linawahusu wafanyabiashara wengi wa kanda hii ambao watoto wao, na wakati mwingine wao wenyewe, wanalipia vitu visivyoshikika. Hii ni bidhaa inayovuka mipaka yetu kila siku bila forodha, bila mzani na bila risiti ya karatasi.

Ng'ombe wa mzigo

Mchezo anaoucheza kijana huyo unaitwa Albion Online. Ulitengenezwa na kampuni ya Sandbox Interactive ya Berlin, Ujerumani, ukatoka rasmi mwaka 2017, na tangu mwaka 2021 unachezwa pia kwenye simu. Uko katika kundi la michezo ya kuigiza wahusika inayochezwa na watu wengi kwa pamoja mtandaoni. Humo ndani hakuna mechi ya dakika 90 inayoisha. Kuna dunia inayoendelea hata ukizima simu, na kila mtu anaishi humo kwa mhusika wake.

Alipoanza kumweleza mama yake, jambo la kushangaza lilitokea: mama alielewa haraka. Katika mchezo huu karibu kila kitu kinachouzwa kimetengenezwa na wachezaji wenyewe. Kila mji una soko lake na bei zake. Mbao zinazouzwa rahisi mji mmoja zinaweza kuwa ghali mji mwingine, kwa hiyo wapo wanaonunua huku na kuuza kule. Mzigo mzito hubebwa na ng'ombe. Njiani kuna maeneo ya hatari ambako wachezaji wengine huvizia, na ukiuawa huko unapoteza ulichobeba.

Kwa maneno mengine, kijana anayekataa kwenda Kigoma na mama yake hushinda usiku kucha akifanya kazi ya mama yake.

Kabla ya yote hayo, mchezo wa aina hii humtaka mchezaji afanye jambo moja: aumbe mhusika. Anachagua jinsia, uso, rangi ya ngozi, nywele na jina. Baadaye ndipo yanakuja mavazi, mengine ya kutafuta kwa jasho na mengine ya kununua. Hapo ndipo faranga 40,000 zilipokwenda.

Sura inavyotengenezwa

Michezo hii haikuanza na picha. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, wanafunzi Roy Trubshaw na Richard Bartle walianza kutengeneza mchezo wa wachezaji wengi ulioitwa MUD. Ulikuwa wa maandishi matupu. Uzuri wa mhusika ulitegemea maneno tu. Mwaka 1997 ulitoka Ultima Online wenye picha, mwaka 1999 EverQuest ulioonyesha wahusika kwa pande zote, na mwaka 2004 World of Warcraft uliowavuta mamilioni ya watu. Miaka iliyofuata, michezo kama Black Desert ya Korea Kusini ilimruhusu mchezaji kuvuta shavu, kuinua paji la uso na kupinda pua kwa kidole, kama mfinyanzi na udongo wake.

Kiufundi, mhusika ni kama sanamu ya kuonyeshea nguo dukani. Ndani kuna kiunzi kilichoundwa kwa pembetatu ndogo ndogo zilizounganishwa. Zikiwa chache, shavu linakuwa na kona kama boksi. Zikiwa nyingi, linaviringa. Juu ya kiunzi huviringishwa picha ya ngozi na nguo, kama kitenge kinavyofungwa kwenye sanamu. Mwisho huwekwa mwanga, na hesabu ya mwanga ndiyo inayoamua kama ngozi itaonekana hai au itafanana na plastiki.

Kila pembetatu ni kazi kwa simu au kompyuta. Katika mchezo wa mtu mmoja, mashine inaweza kutumia nguvu nyingi kumpamba mhusika mmoja. Katika mchezo wa wengi, wachezaji wakikusanyika sokoni, mashine inalazimika kuwachora wote kwa wakati mmoja, na kila mmoja amevaa kivyake. Ni kama basi dogo lililojaa: ili abiria wote waingie, mizigo inapunguzwa. Hivyo mchezo humchora aliye karibu kwa ubora wa juu na aliye mbali kwa pembetatu chache. Simu ikiwa ya bei nafuu, ubora hushushwa kwa wote.

Hii ina maana moja ambayo wanunuzi wengi wa mavazi ya mtandaoni hawaifahamu. Sura unayoiona wakati wa kuumba mhusika, akiwa peke yake chini ya taa nzuri, siyo lazima iwe sura wanayoiona wenzako. Katika Albion mchezaji anatazama kutoka juu, na mhusika anaonekana mdogo kama kidole. Uso uliochaguliwa kwa nusu saa hauonekani. Kinachoonekana ni vazi na rangi zake. Kijana wa Musaga alinunua vazi badala ya kuhangaika na uso, na katika hilo alikuwa na hesabu yake.

Watu huichukua sura hiyo kwa uzito. Mwezi Aprili 2024 kampuni ya Square Enix ya Japani ilitoa programu ya majaribio ya Final Fantasy XIV, mchezo ambao picha zake zilikuwa zinaboreshwa. Pembetatu ziliongezeka na ngozi ikawa na maelezo mengi zaidi. Hata hivyo, wachezaji wengi walilalamika kwamba wahusika walioishi nao kwa miaka wamekuwa wageni, kwamba macho yamekufa na mwanga umekosewa. Kampuni ilirekebisha na kutoa toleo jingine la majaribio mwezi Mei. Maboresho yalipoanza rasmi katikati ya mwaka huo, wachezaji walipewa bure dawa ya ndani ya mchezo ya kubadilisha sura. Ubora ulikuwa umepanda, lakini mteja alikuwa hajitambui tena kwenye kioo.

Kipimo kilichowekwa na wengine

Mama alipopewa simu aone fedha zake zilipokwenda, hakuangalia vazi. Aliangalia nywele. Kwa mfanyabiashara wa nywele, nyeusi haiko moja. Namba 1 ni nyeusi tii. Namba 1B ni nyeusi iliyopoa, ndiyo inayokaribia nywele za asili za wateja wengi. Namba 2 na 4 zinaelekea kahawia, 33 ina wekundu, 27 ina rangi ya asali. Ukimpelekea msusi namba 1 wakati ameagiza 1B, mzigo unarudi. Mama alitazama mhusika, akauliza kama hiyo ni 1 au 1B. Kijana akajibu kwamba kwenye orodha aliyokuwa nayo, nyeusi ni nyeusi.

Jibu hilo dogo limebeba historia ndefu. Kwa miongo mingi, vifaa vya kutengeneza picha vilipimwa kwa ngozi nyeupe. Maabara za kusafisha picha za rangi zilitumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, ili kuamua kama rangi zimetoka sawa. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia nchini Kanada ameandika jinsi filamu hizo zilivyoshindwa kuonyesha vizuri nyuso nyeusi, na jinsi msukumo mkubwa wa kurekebisha ulivyotoka kwa makampuni ya samani na chokoleti, ambayo yalitaka rangi za mbao na za chokoleti zitofautiane. Wateja weusi walikuwepo siku zote. Waliosikilizwa ni wauza makabati na peremende.

Michezo ya mtandaoni ilirithi tabia hiyo. Njia rahisi ya kumpata mhusika mweusi ilikuwa kuchukua uso ule ule na kuupaka rangi nyeusi zaidi. Matokeo yake ni ngozi ya majivu. Ngozi nyeusi hai huonekana kwa namna inavyopokea mwanga: inang'aa kwenye paji la uso na mfupa wa shavu, na chini yake kuna wekundu au udhahabu. Anayejua hilo hubadilisha hesabu ya mwanga pamoja na rangi. Asiyejua huongeza giza, na uso unapotea usiku unapoingia ndani ya mchezo.

Nywele ni ngumu zaidi. Njia iliyozoeleka ni kuchora nyuzi za nywele kwenye vipande vyembamba bapa, kisha kuvipanga kichwani kama vigae, vikiangukia chini. Inafaa kwa nywele zinazolala. Nywele za kipilipili hazianguki. Zinajikunja, zinasimama na kujaa. Twende kilioni ina mistari inayofuata umbo la kichwa. Amasunzu ya Rwanda ina matuta yaliyonyolewa kwa mpango. Mchoraji ambaye hajawahi kukaa kwenye kigoda cha msusi huziona zote kuwa kofia moja nyeusi.

Mabadiliko yamekuja, lakini kwa kuchelewa. World of Warcraft iliongeza rangi za ngozi, nyuso na mitindo ya nywele inayowafaa watu weusi katika mabadiliko makubwa ya mwaka 2020, miaka 16 tangu mchezo uanze. Desemba mwaka huo huo, mchezo wa kuigiza maisha The Sims 4 uliongeza zaidi ya rangi 100 za ngozi baada ya malalamiko ya muda mrefu. Mwaka 2023 ilifunguliwa maktaba ya bure ya nywele za watu weusi kwa watengenezaji wa michezo, Open Source Afro Hair Library, iliyoanzishwa na A.M. Darke, msanii na mwalimu wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Kazi yake ni ile anayoifanya mama wa Musaga kila wiki: kuhakikisha anayehitaji 1B hapewi namba 1.

Kimo cha mhusika na mapatano ya bei

Je, sura ya mhusika ina faida yoyote kwa anayeivaa? Utafiti unaonyesha kwamba inaweza kubadilisha tabia. Mwaka 2007 watafiti Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha majaribio waliyofanya na watu waliopewa wahusika katika dunia ya kompyuta. Waliopewa wahusika warefu walipatana kwa ubabe zaidi katika zoezi la kugawana fedha. Waliopewa wahusika wafupi walikuwa wepesi kukubali mgawo usio wa haki. Kimo hicho walipewa na kompyuta, hakikuwa chao. Bado kiliwaingia.

Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kufafanuliwa hilo. Anajua kwa nini siku ya kukutana na muuzaji wa jumla anavaa kitenge kipya, na kwa nini anayefika akiwa amechakaa huuziwa bei ya aliyechakaa. Kijana naye alijitetea hivyo hivyo. Alisema mhusika mwenye nguo za kuanzia huchukuliwa kuwa mgeni asiyejua bei, na vikundi vikubwa vinavyosafiri pamoja kwa usalama havimpokei kirahisi. Nguo ndiyo iliyomfanya akaribishwe.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akakiri kwamba hata yeye hupokelewa vizuri Kigoma anapofika amejipanga.

Ila upo mpaka. Mwaka 2011 kampuni ya CCP ya Iceland, yenye mchezo wa anga za juu unaoitwa EVE Online, ilifungua duka la mavazi ya wahusika. Miwani ya jicho moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 60 za Marekani. EVE ni mchezo wa wafanyabiashara kuliko mwingine wowote: wachezaji wanachimba madini, wanajenga meli, wanasafirisha na kupanga bei, na soko lao kuu liko sehemu inayoitwa Jita. Waliona bei ile ni dharau, na waliogopa kwamba kesho kampuni ingeuza hata nguvu za kushinda. Mwezi Juni mwaka huo walikusanyika Jita na meli zao, wakapiga risasi mnara uliokuwa hapo kama ishara ya maandamano. Oktoba, mkuu wa kampuni, Hilmar Pétursson, aliomba radhi hadharani, na kampuni ikarudisha nguvu zake kwenye meli na biashara.

Kisa cha Jita kinafundisha kwamba wateja walioshikamana wanaweza kumrudisha muuzaji mezani hata kama muuzaji ndiye mwenye soko, ardhi na sheria. Kinaonyesha pia kwamba wachezaji hawakukataa kuvaa vizuri. Walikataa kupangiwa bei bila heshima.

Njia ya upande mmoja

Kwa kanda yetu, jambo zito zaidi ni mwelekeo wa fedha. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010, na inagusa bidhaa, watu, mitaji na huduma. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili pale mpakani, bidhaa yake ikiwa kwenye orodha. Mzigo wa nywele unahesabiwa, unapigwa muhuri, unapita.

Vazi la mhusika halina muhuri. Fedha zimetoka Musaga, zimepita kwa rafiki, kwa kadi ya ndugu wa ng'ambo, hadi kwa kampuni ya Ulaya. Kila mkono ulichukua chake. Hakuna aliyempa kijana stakabadhi. Zaidi ya hapo, masharti ya michezo mingi ya aina hii yanasema mchezaji hanunui mali. Ananunua ruhusa ya kuitumia. Kampuni ikifunga mchezo au ikifunga akaunti yake kwa kuvunja kanuni, vazi linakwenda nayo. Hawezi kulirithisha wala kuliweka rehani.

Hapa wazazi na wafanyabiashara wanapaswa kuwa macho kwa mambo matatu. La kwanza, namba ya siri ya simu ya biashara isiwe namba ya familia nzima; mtaji na matumizi ya nyumbani vitenganishwe. La pili, kumlipia mtu asiyejulikana ili akununulie fedha za mchezo ni hatari maradufu: anaweza kutoweka na fedha, na michezo mingi, Albion ikiwemo, inapiga marufuku kuuziana fedha za mchezo kwa fedha halisi nje ya njia rasmi. La tatu, kabla ya kununua, mtu aulize vazi litaonekanaje kwenye simu yake na za wenzake, siyo kwenye picha ya tangazo.

Lakini njia hii inaweza kuwa na pande mbili. Kampuni ya Leti Arts, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Eyram Tawia wa Ghana na Wesley Kirinya wa Kenya, imetengeneza michezo na katuni zenye mashujaa wa Kiafrika. Huko Yaoundé, Kameruni, studio ya Kiro'o Games ilitoa mwaka 2016 mchezo wa Aurion, wenye wahusika na mavazi yaliyobuniwa kutoka tamaduni za Afrika. Mwaka 2024 ulitoka Tales of Kenzera: Zau, kazi ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambao unaweza kuuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Hiyo miwili ya mwisho huchezwa na mtu akiwa peke yake bila umati wa mtandaoni, lakini inathibitisha kwamba sura zetu zinaweza kuchorwa na watu wetu, na watu wakalipa.

Zana za kuanzia hazina bei kubwa. Blender, programu ya kuchora maumbo ya pande zote, ni ya bure. Katika Roblox, ambako vijana wengi duniani huvalisha wahusika wao, wabunifu waliotimiza masharti huuza nguo na nywele walizozichora na wanaweza kubadili mapato yao kuwa fedha halisi. Si rahisi. Kunahitajika kompyuta yenye nguvu, umeme usiokatika, bando la kutosha na njia ya kupokea malipo kutoka nje, na kila mkazi wa Musaga anajua ni lipi kati ya hayo linalomkwamisha. Lakini ujuzi wa msingi, wa kujua mstari wa msuko unaanzia wapi na rangi gani inakaa vizuri kwenye ngozi ipi, upo tayari kwenye vibanda vyetu. Kampuni kubwa zimeuhitaji kwa miaka mingi.

Masharti ya mama

Usiku ule shauri lilimalizika kibiashara. Katika Albion kuna aina mbili za fedha: sarafu za fedha ambazo mchezaji anazipata kwa kazi na biashara ndani ya mchezo, na dhahabu ambayo hununuliwa kwa fedha halisi. Hizo mbili hubadilishana kwenye soko, na bei yake hupanda na kushuka kila siku, kama dola na faranga. Anayefanya biashara vizuri ndani ya mchezo anaweza kupata dhahabu, na kwa dhahabu akapata vazi, bila kugusa simu ya mama yake.

Mama aliuliza mara mbili kama ndivyo ilivyo. Kijana akakubali. Ndipo mama akafunga daftari na kutoa hukumu: "Basi mwanangu, nguo za mhusika zitoke kwenye faida ya mhusika. Mtaji wa nyumba hauguswi." Faranga 40,000 zitalipwa kwa kazi. Kila Jumamosi kijana atakaa kibandani kuanzia asubuhi, na safari hii atabeba mizigo.

Kwa kuwa fedha hazikurudi usiku huo, mama alisafiri na mtaji pungufu. Alipunguza mafungu ya namba 27 na 33, akaacha 1B kama ilivyokuwa, kwa sababu mteja wa 1B akikosa mara moja anahamia kwa jirani. Hasara ya safari moja alishaiandika kwenye daftari, mstari mmoja chini ya nauli.

Alfajiri kijana alimsindikiza hadi kwenye gari, mfuko mkubwa ukiwa kichwani. Mama akamtazama, akamuuliza kama ng'ombe wake wa kwenye simu naye analalamika hivyo akipanda mlima. Kijana akacheka, akauweka mfuko juu ya gari na kuufunga kamba mwenyewe.